Uso wa Saa ya Baba

Kila siku twatazama saa mara nyingi. Twataka kujua kama wakati wa Misa umekaribia, kama watoto wamechelewa shuleni, kama mgonjwa amefikia wakati wa kunywa dawa. Tukiisha kujua ni saa ngapi, twageuza macho. Wakati tumeuona, saa yenyewe hatukuiona.

Sisi pia tulikuwa hivyo kwa miaka mingi. Tulivaa saa, tuliitia ufunguo kila asubuhi, tukaipeleka kwa fundi ilipokufa. Hatukujua kwamba uso wa saa una maandiko madogo yasemayo mambo mengi kupita saa na dakika. Tulilijua jambo hilo mwaka 2016, tulipotaka kuuza saa ya marehemu baba yetu. Somo lile lilikuwa la gharama, na aliyelipa zaidi hakuwa sisi. Twaona yafaa kuwasimulia, kwa kuwa katika nyumba nyingi kuna kitu cha zamani kilichoachwa na wazee, na siku moja mtu atakuja kuuliza bei yake.

SAA YA JUMAPILI

Baba yetu alifanya kazi katika migodi ya Katanga tangu ujana wake. Mwaka 1965, baada ya kutunza fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu, alinunua saa ya mkono ya Uswisi, Omega ya aina ya Seamaster, yenye ganda la chuma na uso wa rangi ya fedha. Siku za kazi aliifunga katika kitambaa na kuiweka sandukuni. Jumapili na sikukuu aliivaa, nasi watoto tulijua kwamba baba akiisha kuitia ufunguo, ni wakati wa kwenda kanisani.

Miaka ilipopita, maji yaliingia ndani ya saa ile. Uso wake ukafanya doa la kahawia karibu na namba 4, na mistari mingine ikafifia. Mwaka 1979 sisi tulianza kazi ya ualimu. Tulipopata mshahara wa kwanza tuliona haya kumwona mzee amevaa saa yenye doa. Tuliichukua kwa siri, tukaipeleka kwa fundi mmoja, naye akaupaka uso rangi mpya na kuandika upya herufi zote. Siku ya Noeli tulimpa baba saa yake inang'aa. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Asante, mwanangu. Imekuwa mpya.” Hakusema neno lingine, nasi tulifurahi sana.

Baba alifariki mwaka 2014. Miaka miwili baadaye binti wa mdogo wetu alikubaliwa katika shule ya uuguzi, lakini ada haikupatikana. Ndipo familia ilipoikumbuka saa. Tulisikia kwamba mgeni mmoja anazunguka mjini Lubumbashi akitafuta saa za kale. Alikuja kwetu jioni, umeme ukiwa umekatika, akaitazama saa kwa taa ndogo. Aliipenda. Akasema, “Mwalimu, nitatoa dola 800. Lakini niambie kwanza: uso huu ni wa asili?” Tulimjibu kwamba tungempa jibu baada ya siku tatu. Kwa kweli hatukuelewa kwa nini aliuliza.

MASHAHIDI WAWILI WANAOPINGANA

Kesho yake tulikwenda kwa fundi mwingine, mzee aliyejifunza kazi ya saa tangu utoto. Alifunga kioo cha kukuzia jichoni, akatazama, akacheka polepole. “Mwalimu,” akasema, “saa hii imevaa sura isiyo yake.”

Tulimwomba atufundishe, naye hakuwa na choyo. Kwanza alifungua mgongo wa saa, akatuonyesha namba iliyochongwa juu ya mashine. Ilianza na 22, yaani milioni 22 na zaidi. Kampuni ya Omega ilizipa mashine zake namba kwa kufuatana, na kwa hesabu wanayoitumia mafundi, namba kama hiyo yaelekea mwaka 1965. Hapo mashine na baba walikuwa wakisema neno moja.

Kisha akatugeuzia uso. Kwenye ncha za mistari ya saa na juu ya mishale miwili kulikuwa na rangi ile ing'aayo gizani. Chini kabisa, penye namba 6, pameandikwa SWISS MADE, maana yake “imetengenezwa Uswisi.” Akauliza, “Herufi T ziko wapi?” Hatukuelewa. Akatoa katika kopo lake uso mwingine wa Omega wa miaka ile, akauweka kando ya wetu. Chini yake tulisoma T SWISS MADE T, kwa herufi ndogo mno hata jicho tupu lisingeziona. “Saa ya mwaka 1965 yenye rangi ya kung'aa,” akasema, “kwa kawaida haikosi T hizi. Mashine yasema 1965, uso wakana. Ukiona mashahidi wawili wanapingana, jua mmoja amefundishwa cha kusema.”

Baada ya hapo akatuonyesha makosa mengine. Mistari midogo ya dakika haikusimama sawasawa mbele ya vijiti vya chuma vilivyobandikwa usoni. Mmoja ulikwenda kushoto, mwingine kulia. Herufi S ya neno Seamaster, ambayo katika uso wa asili ina mkia mrefu wa kupendeza, kwetu ilikuwa fupi na nene kama ya mashine ya kuandikia. Wino wenyewe ulikuwa mzito, umevimba kando kando. Na pembeni mwa uso palikuwa na mkato mdogo wa tupa, alama ambayo baadhi ya mafundi huiweka ili wasikosee upande wa juu wanapopiga chapa upya.

Tulijua basi maana ya swali la yule mgeni. Na tulijua jambo moja zaidi, ambalo fundi hakulijua: aliyeufundisha uso ule kusema uwongo ni sisi wenyewe.

HERUFI T NA MADINI YA NCHI YETU

Twaomba ruhusa ya kusimama kidogo hapa, kwa kuwa habari ya herufi T inagusa nchi yetu kupita tulivyodhani.

Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre waligundua kule Paris kitu kiitwacho radiumu, ambacho hutoa miali yenye nguvu bila kukoma. Haukupita muda mrefu, watu wakavumbua kwamba radiumu kidogo sana, ikichanganywa na unga uliotengenezwa kwa zinki na salfa, hutoa nuru gizani. Rangi hiyo ikapakwa katika nyuso za saa, hasa za askari na warukaji wa ndege. Mwaka 1915 madini tajiri ya uraniumu, ambayo ndani yake mna radiumu, yakapatikana Shinkolobwe, karibu na mji uitwao leo Likasi, katika Katanga yetu. Tangu mwaka 1922 madini yale yalisafishwa katika kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji, na kwa miaka mingi radiumu iliyotoka katika udongo wa Kongo ndiyo iliyotawala soko la dunia. Babu zetu waliochimba mawe yale hawakujua kwamba huenda chembe za jasho lao zinang'aa juu ya mikono ya watu wa Ulaya usiku.

Nuru ile ilikuwa na deni. Kule Marekani, katika viwanda vya New Jersey, Connecticut na Illinois, wasichana walipaka rangi ya radiumu katika nyuso za saa kwa brashi nyembamba. Ili ncha ya brashi iwe kali, walifundishwa kuichonga kwa midomo yao. Waliambiwa hakuna hatari. Baadaye mataya yao yakaoza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa. Watano kati yao, wakiongozwa na Grace Fryer, waliishtaki kampuni iliyowaajiri huko New Jersey, na mwaka 1928 wakalipwa fidia. Ujasiri wao ulisaidia kuleta sheria za kuwalinda wafanyakazi. Tukiona rangi ya kale katika saa, yafaa tuwakumbuke katika sala zetu.

Kwa sababu ya hatari hiyo, katika miaka ya kwanza ya 1960 watengenezaji wa Uswisi waliiacha radiumu, wakachukua tritiumu, ambayo miali yake ni dhaifu hata haiwezi kupenya kioo cha saa. Herufi T ni ya jina hilo. Tritiumu hupungua upesi: baada ya miaka 12 na kitu hubaki nusu yake. Radiumu yahitaji miaka 1600 ili ipungue nusu. Kwa hiyo saa ya zamani ya radiumu huenda haing'ai tena, kwa kuwa unga wake umechoka, lakini miali yake ingali hai. Mwenye saa kama hiyo asiifungue mwenyewe, wala asikwangue rangi, wala asimwachie mtoto kuichezea. Vumbi lake likivutwa pumzini ni sumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 tritiumu nayo iliachwa, ikaja rangi isiyo na miali yo yote, iitwayo Luminova. Angalieni jinsi alama ndogo inavyohitaji kusomwa kwa akili: uso wa saa ya Rolex ulioandikwa SWISS peke yake waweza kuwa wa kabla ya tritiumu, waweza pia kuwa wa mwaka 1998 au 1999, T zilipokwisha kuondolewa na neno MADE halijarudi. Neno ni moja, nyakati ni mbili. Asomaye neno bila kutazama saa nzima atapotea.

KWA NINI NYUSO HUTOFAUTIANA

Labda msomaji atauliza: ikiwa saa mbili zina jina moja na namba moja ya aina, kwa nini nyuso zao zisifanane? Sisi pia tuliuliza. Sababu ni kwamba makampuni mengi ya saa hayakutengeneza nyuso zake yenyewe. Yaliziagiza kwa mafundi wa nyuso, ambao hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao pekee. Kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa, hata mwaka 1932 ndugu wa ukoo wa Stern, wenye kiwanda cha nyuso cha Geneva, waliinunua kampuni ya Patek Philippe, moja ya zenye sifa kubwa duniani, ambayo walikuwa wakiiuzia nyuso. Bamba la kupigia chapa lilipochakaa, lilichongwa jipya. Agizo lilipokwenda kwa fundi mwingine, herufi zilibadilika kidogo. Hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba baada ya miaka 50 watu wangezipima herufi hizo kwa kioo cha kukuzia.

Mfano mmoja ni saa ya wapiga mbizi ya Rolex, Submariner yenye namba 1680, iliyoanza kuuzwa karibu na mwisho wa miaka ya 1960. Katika nyuso zake za kwanza jina Submariner limeandikwa kwa rangi nyekundu, na chini yake kina cha maji ambacho saa yaweza kustahimili. Katika zile za mapema meta 200 zimetangulia, futi 660 zikafuata. Katika zile za baadaye futi zimetangulia. Katika nyuso nyingine mdomo wa namba 6 uko wazi, katika nyingine umefungwa. Baada ya miaka michache rangi nyekundu ikaachwa, jina likaandikwa kwa nyeupe. Wajuzi wamezipanga nyuso hizo kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea, nao huangalia kama uso walingana na umri wa ganda lake.

Mfano wa pili unajulikana zaidi. Mwaka 1963 Rolex ilitoa saa ya wapiganiaji mbio za magari, Cosmograph Daytona. Baadhi yake zilipewa uso wa namna ya pekee: ndani ya miduara midogo mistari inaishia kwa vijisanduku, na mduara wa kushoto una namba 15, 30, 45 na 60, hali katika uso wa kawaida zimeandikwa 20, 40 na 60. Wanunuzi wa siku zile hawakuupenda uso huo. Walisema ni wa ajabu mno. Lakini mchezaji wa sinema wa Marekani, Paul Newman, alipewa saa kama hiyo na mkewe Joanne Woodward, naye mke alichonga mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Watu wakaita nyuso zile kwa jina lake. Tarehe 26 Oktoba 2017 saa yenyewe ya Newman iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola 17,752,500. Jiwe lililokataliwa na waashi likawa la thamani kuu.

Wajuzi hupenda hata nyuso zilizoungua kwa jua. Kuna nyuso nyeusi ambazo, kwa kasoro ya rangi na kwa jua kali, ziligeuka kahawia kama kahawa. Ilikuwa aibu kwa mtengenezaji. Leo hulipiwa zaidi kuliko zile zilizobaki nyeusi. Sababu ni moja: kahawia ile ni ya kweli. Saa ilipita katika miaka yake na kuikubali.

PENYE FEDHA, MWOVU HAKAWII

Lakini wapi penye thamani pasipo na mjanja? Mwezi wa Novemba 2021 mjini Geneva iliuzwa saa ya Omega Speedmaster ya namna ya kwanza kabisa, ile iliyoanza mwaka 1957. Uso wake ulikuwa umegeuka kahawia, nao wanunuzi walishindana hata bei ikapita faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega ilitangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu watatu waliokuwa watumishi wake walihusika. Ikiwa mwenye nyumba aliweza kudanganywa juu ya mtoto wake mwenyewe, sisi wengine tujihadhari.

Tukifikiwa na haja ya kuijua saa ya kale, mzee yule fundi alitufundisha njia hii. Kwanza, soma mstari wa chini kabisa, ndiyo mahali wapaka rangi wanapokosea sana. Pili, linganisha rangi ya kung'aa ya uso na ile ya mishale. Zilizeeka pamoja, nazo hazina budi kufanana. Tatu, fuata mistari ya dakika mmoja mmoja ukiona kama yasimama sawa mbele ya alama za saa. Nne, tazama herufi: wino wa kiwanda ni mwembamba na kando zake ni kali. Tano, uliza namba ya mashine na ya ganda, uone kama vyote vyasema mwaka mmoja. Na mwisho, uliza habari za mwenyewe: nani aliinunua, wapi, nani aliigusa. Alama moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu wala saa.

USIKU WA MASHAURI

Sasa turudi nyumbani kwetu. Jioni ile tulikaa sote, mama, mdogo wetu na mkewe, na binti yao. Tuliwaeleza yote. Mdogo wetu alisikiliza, kisha akasema, “Yaya, wewe ndiwe mkubwa wetu, lakini nisikilize. Mtu huyu ni tajiri. Amezunguka nchi nyingi akinunua saa. Kama macho yake hayakuona, ni juu yake. Hatumwambii uwongo, tunanyamaza tu. Mtoto huyu ataanza shule mwezi wa kumi.”

Wasomaji wapenzi, hatutaki kujifanya watakatifu. Maneno yale yalituingia. Kwa miaka zaidi ya 30 tuliwafundisha watoto amri ya nane ya Mungu, na usiku ule tulitafuta mlango wa nyuma wa kuikwepa. Tungenyamaza kama asingeuliza, labda. Lakini aliuliza, naye aliuliza kwa sababu alituita mwalimu. Tulimtazama binti, aliinamisha kichwa, hakusema kitu. Kunyamaza mbele ya aulizaye kwa kutuamini ni kusema uwongo bila kufungua kinywa.

Ndipo mama aliponena. “Mnajua doa lile lilitoka wapi? Mwaka 1968, usiku wa mvua kubwa, uchungu ulinishika. Baba yenu alinipakia juu ya baiskeli, akanisukuma mpaka hospitali. Alivaa saa ili ajue uchungu unarudi baada ya dakika ngapi. Maji yaliingia usiku ule. Kila alipoliona doa lile alikuwa akicheka, akisema, hapa ndipo mwanangu alipozaliwa.” Akamgeukia mdogo wetu. “Mwana huyo ni wewe.”

Tulielewa basi kwa nini baba alinyamaza siku ile ya Noeli. Tulidhani tumeondoa uchafu. Tulikuwa tumefuta kumbukumbu, tukaweka mahali pake uzuri wa dukani. Bwana wetu aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa. Sisi tulikuwa tumepaka chokaa penye uhai.

Mgeni aliporudi tulimwambia: uso si wa asili, ulipakwa mwaka 1979, na aliyeupeleka kupakwa ni sisi. Aliutazama tena, mara hii mchana, akatikisa kichwa. Alitushukuru kwa heshima, akatoa bei mpya: dola 200. Fedha hizo zisingetosha ada, na mama alisema saa ibaki. Ikabaki.

Tungependa kusema kwamba kesho yake fedha zilitoka mahali pengine. Hazikutoka. Mdogo wetu hakusema nasi mpaka Noeli. Binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima, akiuza mandazi pamoja na mama yake kando ya barabara, wenzake wakienda shuleni. Kila tulipopita pale alitusalimu, “Shikamoo, baba mkubwa,” kwa sauti ile ile ya siku zote, na salamu hiyo ilituchoma kuliko lawama. Mwaka uliofuata familia nzima ilichanga, na sisi tuliuza baiskeli yetu na ng'ombe mmoja wa kijijini. Akaingia shuleni, amechelewa mwaka mmoja.

Leo yeye ni muuguzi. Alipomaliza masomo tulimwuliza anataka zawadi gani, naye akaomba saa ya babu. Huiweka mfukoni mwa koti lake jeupe, na akitaka kuhesabu mapigo ya mgonjwa huitoa, akaufuata mshale wa sekunde. Uso wake ni ule ule wa kupakwa, lakini mashine yake haijakosa.

Kabla ya kumpa, tulikunja karatasi ndogo tukaiweka katika kisanduku chake. Tuliandika hivi: “Saa hii ilinunuliwa na babu yako mwaka 1965. Maji yaliingia usiku aliozaliwa baba yako, mwaka 1968. Uso ulipakwa upya mwaka 1979 na baba yako mkubwa, kwa upendo na kwa ujinga.” Mdogo wetu aliisoma karatasi ile. Alitafuta kalamu, akatia sahihi yake chini ya yetu.

Twawashauri nanyi, ndugu zetu, mfanye vivyo hivyo. Kama kuna saa, au msalaba, au cherehani, au picha iliyoachwa na wazee, msiharakishe kuifanya mpya. Waulizeni kwanza wenye kukumbuka, wangali hai. Yaandikeni mliyoambiwa, na yale mliyoyaharibu yaandikeni pia. Wajukuu wetu watakapouliza kama ni ya asili, wapate mtu wa kuwajibu kweli.